Babu Hapimwi

12 Januari

Wala si kweli kwamba nimekuacha, Babu. Ulinirushia neno hilo mlangoni siku ninaondoka, watu wakacheka, nami nikashindwa kukujibu kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi. Sasa nakujibu. Mume wa kwanza ni wa kwanza tu, hata mjukuu aolewe na mfalme. Huyu wa pili nimempa nafasi kwa vile wewe hujui kuoka mikate.

Shikamoo, mume wangu wa kwanza. Natumaini umeipokea barua hii ukiwa umesimama imara kwenye ngazi yako, brashi mkononi, na kwamba kikohozi cha Mama kimempumzisha. Huku tumeamka salama. Babu, ndoa ni tamu! Nilidhani wanaosema hivyo wanatia chumvi. Chumba chetu ni kimoja, dirisha linatazama ukuta wa jirani, bomba liko uani na tunaligombania na wapangaji wengine, lakini nikifunga mlango naona nina jumba. Yeye hutoka kwenda kwenye tanuri kabla jua halijachomoza. Akirudi ananukia mkate mpaka shingoni, unga umejificha kwenye mikunjo ya vidole, na mfukoni ana mkate mdogo alioniokea mimi peke yangu. Jana ulikuwa na umbo la kobe. Anaapa kwamba aliufinyanga kama moyo, tanuri ndilo lililokosea. Nimeula moyo wangu wenye miguu minne nikiwa nimefumba macho kwa furaha.

Na mimi nimepata kazi! Nakaa dirisha la mapokezi kwenye zahanati ya mtaa wetu, naandikisha wagonjwa.

Sasa lile linalonikaa kooni. Siku ya harusi yetu, ulipoitwa useme neno la mzee wa familia, kiti chako kilikuwa kitupu. Mshereheshaji akaita tena. Mama akasema umetoka kupunga upepo. Ila shangazi walinong'onezana kwamba Babu hamtaki mwoka mikate, eti ulinitakia mtu wa ofisini. Mume wangu hajasema kitu mpaka leo. Babu, ulimkataa? Niambie ukweli, nitaubeba.

Niandikie, usipige simu. Simu ya Mama huwekwa sauti kubwa mpaka kuku wa jirani wanajua habari zetu. Barua peleka ofisi ya vifurushi pale stendi, inanifikia.

Mkeo mdogo, mwenye furaha isiyo na breki

2 Februari

Mke wangu uliyetoroka,

Marahaba. Mama yako hajambo. Kikohozi kimemtoka, sasa ananikohoa mimi kutwa nzima: Baba kula, Baba lala, Baba shuka huko juu.

Sishuki. Naandika bango la duka la magodoro, bango refu kama treni. Mkono wangu bado unajua kazi. Herufi zangu zikisimama, zinasimama kama askari wa gwaride, si kama hizi za mashine ambazo jua likiwaka mara mbili zinabanduka. Nimeacha kunywa maji asubuhi, na chai pia nimeiaga. Mchora mabango akishapanda ngazi hatakiwi kupanda na kushuka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Rangi hukauka kwenye brashi.

Hayo ya kiti kitupu yaache. Niliona joto. Ukumbi ule ulikuwa na feni moja, nayo ilikuwa inamtazama bwana harusi. Simchukii huyo mwizi wako. Mwizi ni mwizi, ila huyu ameiba kwa adabu, alisalimia kwanza. Waambie shangazi zako wapunguze hadithi.

Usiniulize tena.

Babu yako

20 Februari

Babu wangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti. Sisi wazima, na mapenzi yamezidi, maana wiki hii ameninunulia kanga ya bluu bila sababu yoyote. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Kwani Jumanne si sababu?" Babu, mimi nitazimia siku moja kwa huyu mtu.

Lakini siku niliyomsomea barua yako hakucheka. Nilipofika pale pa kuacha maji asubuhi akaweka kikombe chini.

"Nilikuwa sitaki kukwambia," akasema. "Babu hakukimbia harusi. Nilitoka kidogo nikamkuta nyuma ya ukumbi, kule chooni. Ameegemea ukuta kwa mkono mmoja, anasubiri mkojo. Nimemaliza yangu, nimenawa, yeye bado yuko palepale. Akanigeukia akasema, 'Kijana, ukilisema hili nitakuandika kwenye bango.'"

Na akanyamaza, Babu! Akakubali kudhaniwa kuwa mkwe asiyetakiwa, ili siri yako isitoke. Nimelia, halafu nimembusu, halafu nimelia tena. Kwa hiyo usimlaumu. Na mimi usiniambie tena habari za feni.

Sasa sikiliza, kwa maana Mungu hakuniweka pale dirishani bure. Daktari wetu huzungumza na wanaume kila Jumamosi, na dirisha langu halina pamba masikioni. Anasema mwanaume ana tezi dume, ndogo tu, imeukumbatia mrija wa mkojo pale chini ya kibofu. Umri ukienda, tezi huvimba na kuubana mrija. Ndiyo maana mtu anaamka kila mara usiku, anasimama muda mrefu, mkojo unatoka kwa kusitasita kama mgeni mlangoni.

Lakini kuna chakula, Babu! Nyanya zilizopikwa kwa mafuta kidogo. Mboga za majani kwa wingi. Maharage, samaki, matunda, mbegu za maboga. Nyama nyekundu na vyakula vya mafuta mengi vipungue, na tumbo lako la juzijuzi lipungue navyo. Tembea kila siku mpaka jasho litoke. Maji kunywa ya kutosha mchana, ukikaribia kulala ndiyo upunguze, na ukibanwa usijizuie. Kujinyima maji kutwa ili usishuke ngazi ni kuukaanga mwili wako mwenyewe! Mume wangu amekufungia kifurushi cha mbegu za maboga alizozikausha juu ya tanuri. Kila mbegu imepinduliwa kwa mkono wa mtu anayekupenda.

Mkeo, mwenye kanga ya bluu

Daktari pia alisema mwanaume aliyevuka hamsini azungumze na daktari kuhusu kupimwa, hasa mwenye dalili.

15 Machi

Mke wangu mganga,

Marahaba. Mumeo nimemsamehe. Mdomo wake ulikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa kijana wa siku hizi.

Dawa yako nimeipokea. Nyanya zinachemka hapa kutwa, Mama yako anasema nyumba imegeuka mgahawa wa mchuzi mtupu. Nakula asubuhi, nakula jioni. Mbegu za maboga natafuna kama kasuku, nikiwa juu ya ngazi maganda yanawaangukia wapita njia. Nyama nimeipa talaka moja. Natembea mpaka daraja la reli na kurudi, nawapita vijana wanaoburuta viatu. Wenzangu wa karakana wananiuliza siri ya wepesi huu, nawaambia natibiwa na mke wangu mdogo aliye mbali. Fundi seremala naye ameanza nyanya.

Usiku bado naamka. Lakini sasa naamka kwa afya.

Kuhusu ule mstari ulioandika chini kabisa, baada ya jina lako, nimeuona mdogo sana, nikadhani kalamu ilikuwa inakwisha wino.

Mama yako aliikuta barua yako chini ya kopo la rangi, akaisoma. Amesema mwanamke aliyeolewa juzi hataji kibofu cha babu yake kwenye karatasi. Nimemjibu kibofu ni changu na mke ni wangu. Ameondoka akikohoa.

Babu, mla nyanya

1 Aprili

Babu,

Shikamoo. Tuko wazima. Mume wangu ameungua kidole kwenye sinia la mikate, nimemfunga kitambaa na kukibusu, anasema sasa anawaza kuunguza na vingine. Hizo ndizo habari njema, zimekwisha.

Nazichukua nyanya zangu. Zote. Na mbegu pia.

Kalamu haikuwa imeisha wino. Niliona haya. Nilijaza kurasa mbili kwa mboga na maboga kwa sababu mboga hazimwaibishi mtu, na lile la maana nikalisukuma nje ya jina langu. Wewe ukalikuta limesimama nje, ukalifungia mlango.

Barua yako ilinitisha, nikaenda kumuuliza daktari. Nikamwambia babu yangu amebadili chakula, amepunguza kitambi, anatembea, ila usiku hali ni ileile. Akasema, "Vizuri sana, aendelee. Lakini, binti, chakula hakina macho. Hakitamwambia kilichomo ndani." Akanieleza kwamba huenda ni uvimbe wa kawaida wa umri, una dawa na anateseka bure. Na huenda ni saratani, ambayo mwanzoni haiumi na kwa chakula haiondoki, lakini ikiwahiwa inatibika. Kwa dalili tu huwezi kuzitenganisha. Nikamuuliza vipimo vikoje. Damu kidogo ya mkononi, na daktari anapitisha kidole njia ya nyuma kuigusa tezi. Nimeliandika, Babu, na karatasi haikuchanika.

Mama alinipigia. "Mwanangu, una mume mpya na haya zimekwisha?" Nikamwambia, "Mama, haya zangu ziko kwa mume wangu zinafanya kazi nzuri. Kwa Babu nina shughuli nyingine." Akakata simu.

Kwa hiyo amri ni hii: hakuna nyanya kwa jina langu mpaka upimwe. Ukila, unakula za kwako, usiseme natibiwa na mke wangu. Sikutibu. Ninakuficha. Mficha maradhi, Babu, unajua mwenyewe kifo humfanyaje.

Unaogopa tu. Sema kwamba unaogopa.

Mjukuu wako

19 Aprili

Bi harusi,

Marahaba. Methali ya mficha maradhi usiniletee. Niliiandika kwa mkono wangu kwenye ukuta wa zahanati ya hapa, kwa rangi mbili, na kivuli nikakitia.

Mimi naogopa? Mimi niliyelipaka rangi tangi la maji la mji mzima, nikining'inia kwa kamba moja, chini watu kama siafu? Muulize Mama yako, alikuwa mgongoni kwa bibi yako akilia, mimi juu naimba.

Daktari wa zahanati yetu ni yule binti wa fundi viatu. Alipokuwa mdogo alikuwa akija karakana kuomba mabaki ya rangi. Nilimfundisha kuandika jina lake. Leo nisimame mbele yake suruali iko magotini? Kesho nikikutana naye sokoni nimwitikie shikamoo kwa uso upi?

Babu hapimwi. Nyanya nakula, na ni zangu. Usiniandikie mpaka upate habari nyingine.

Mimi

2 Mei

Babu, shikamoo.

Sina habari nyingine.

Mume wangu anakusalimu.

8 Juni

Mke wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, tutamfikia. Barua zako ndefu huwa nazikunja nikalala. Ile ya Mei haikunjiki. Nimeiweka kwenye meza ya rangi, kila nikichovya brashi naiona, maneno hata kiganja hayajai.

Nilikwenda. Usishangilie kwanza. Nilikwenda ili nikushinde. Nilikusudia nipimwe, niambiwe mzima, halafu nikuandikie ushindi wangu kwenye ubao, nikuletee hapo kwenu nikuning'inizie mlangoni. Ubao nilikwisha uandaa, nimeupiga msasa, nimeupaka nyeupe mara mbili. Nikauacha ukikauka, nikaenda zahanati na nguo za kazi ili watu wadhani nimeitwa kuandika ukuta.

Yule binti akaniona. "Babu, karibu. Umekuja kututengenezea bango?"

"Nimekuja kumshinda mjukuu wangu."

"Kwenye nini?"

Nikatazama dari. Nikatazama dirisha. Nikamwambia, "Usiku naamka."

Hakucheka. Aliniuliza maswali kama fundi anayemuuliza fundi: tangu lini, mara ngapi, unasubiri, unauma. Nilipofika kwenye kujinyima maji alinigombeza, akasema mkojo mzito unakera kibofu na kuharibu mambo zaidi. Za nyanya na kutembea akanisifu, nikapata kiburi kidogo. Ndipo akasema kuna muuguzi wa kiume yuko zamu, nikitaka atamwita. Nikaona nikisema ndiyo, nitakuwa nimekubali kwamba nina haya. Nikamwambia endelea wewe.

"Basi geukia ukutani, Babu. Humu ndani mimi sina baba mshona viatu, na wewe si mzee wa mabango."

Nikageuka. Ilikwisha kabla sijamaliza kukasirika.

Nikawa navaa, nasubiri aseme mzima. Yeye ananawa mikono, ananawa tena. Akasema upande mmoja ameukuta mgumu. Damu nayo ikarudi na hesabu iliyo juu. Akanipeleka hospitali kubwa, huko wametoa vipande vidogo vya nyama vikaangaliwe. Sitakueleza wanavyovitoa. Nimekaa upande siku chache, imepita.

Kwa hiyo sikukushinda. Na nyanya hazikukosa lolote, ni mimi niliyezipa kazi isiyo yake.

Nilirudi karakana nikakuta ubao umekauka, mweupe kama yai. Siwezi kuandika nilichokusudia, na ubao mzuri sitaki uharibike. Nilikaa mbele yake mpaka hasira ikanipanda. Nikasema, mimi nimeandika mabango ya magodoro, ya soda, ya kura, ya misiba, maisha yangu yote naandika mambo ya watu. Nikachanganya nyekundu. Nikaandika: MZEE UNAYEAMKA USIKU KUKOJOA, INGIA TUZUNGUMZE. MIMI NIMEPIMWA. Herufi za dhiraa nzima, nikatundika barabarani.

Ungesikia kelele! Muuza nyama wa jirani akasimama katikati ya barabara: "Mzee, kumbe siku hizi wanakuinamisha?"

"Wameniinamisha nikainuka," nikamjibu. "Wewe unainama kila usiku nyuma ya bucha lako, tunakusikia unavyouomba mkojo, mbona hatucheki?"

Watu walimcheka yeye. Jioni alikuja kwa mlango wa uani, eti kaja kuazima gundi. Tumezungumza sana na gundi hakuchukua. Fundi seremala amekwenda kupimwa, yake ni ya umri tu, amepewa vidonge. Mwalimu mstaafu anazunguka karakana kama nzi, hajaingia bado. Ataingia.

Mama yako ametaka ubao ushuke. Nimekataa. Amesema basi atapita upande wa pili wa barabara. Barabara ni pana, apite.

Majibu yangu yatasomwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu. Usije. Ndoa mbichi haiachwi, na mimi sihitaji mtu wa kunishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Nikipata neno nitakuandikia, siku zozote.

Samahani kwa mwandiko wa huku chini. Mkono siku hizi unacheza kidogo, nadhani ni baridi.

Babu

15 Juni

Babu wangu, mume wangu, ng'ombe wangu mkaidi,

Shikamoo! Hatujambo, na huku ni joto. Nimeangalia magazeti, hata kwenu ni joto. Kwa hiyo hiyo baridi iliyoushika mkono wako naijua jina, na sitaitaja kwa sababu wewe umekwisha taja mengi mwaka huu.

Nilipofika kwenye "geukia ukutani" nilisimama katikati ya chumba. Nilipofika kwenye upande mgumu nikakaa chini sakafuni, mume wangu akakaa pembeni yangu na nguo zake za unga, tukasoma pamoja mpaka mwisho. Pa muuza nyama tulicheka mpaka mpangaji wa pili akagonga ukuta. Babu, kucheka na kulia vilinitoka kwa mlango mmoja, sikujua kipi kitangulie.

Sikupi pole. Utanirudishia kwenye bahasha. Nakwambia tu kwamba sijawahi kujivunia mtu kama ninavyojivunia wewe, na wala sijaona huba kubwa kama ya mwanaume aliyeweka aibu yake barabarani ili wenzake wapone. Na mimi kwa huba ni mtaalamu sasa, nina miezi sita kazini.

Nimezungumza na daktari wetu. Hakunidanganya. Amesema vipande vinaweza kusema lolote, na hata vikisema saratani, ziko za polepole ambazo mtu huangaliwa tu, ziko za kutibiwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kila kitu kabla ya kukubali. Nimeandika maswali ya kuuliza. Najua wewe hutauliza. Utatikisa kichwa, utasema asante, utapanda ngazi.

Umesema nisije. Mama naye amepiga, amesema nisije, eti mwanamke hakai kwenye korido ya wanaume akisubiri habari za tezi dume. Mkuu wangu wa kazi amesema likizo yangu bado. Nimewasikia wote. Mama nimemwambia aje akae na mimi koridoni, na asipotaka, korido nayo ni pana. Akauliza ni saa ngapi, Babu. Mkuu wa kazi nimemwambia atafute mtu wa kukaa dirishani. Na wewe nakwambia hivi: ndoa yangu haiachwi, nakuja nayo. Mume wangu amekwisha omba ruhusa kwenye tanuri, na amesema safari hii akikukuta umeegemea ukuta, hataondoka akuache.

Hakuna anayekuja kukuvusha barabara. Tunakuja kukaa. Siku hiyo daktari akianza kusoma majibu kabla hatujaingia, mwambie asubiri, mzee ana wake. Likiwa neno zuri tutalisikia pamoja, likiwa baya litatukuta tumejaa chumbani, litafute pa kukaa.

Tiketi tumekata. Kabla mwezi huu haujaisha utanisikia uani kwako nikipiga hodi, na ole wako usiitike karibu.

Mkeo, mjukuu wako, asiyekatazwa